Kona ya Kushoto

Kigoma, 4 Agosti 2002

Mdogo wangu Anouar,

Assalaam alaykum. Salamu za mtu mmoja mmoja nitazileta siku nyingine, leo sina nafasi. Rachidi yuko wapi?

Aliondoka hapa tarehe 15 Julai. Akaniambia siku nane tu, mke wangu, nanunua vipuri vya injini, nawasalimia watu wa Buyenzi, narudi. Leo ni siku ya ishirini. Mafundi wenzake hapa wananiambia atakuja, atakuja, halafu wanatazama chini. Mama Spéciose aliposhuka melini na biashara yake kutoka huko kwenu wiki iliyopita nilimkimbilia na tumbo langu hili la miezi sita, watu wakinicheka, naye akasema hajamwona Rachidi sokoni wala kusikia habari zake msikitini.

Wewe ni ndugu yangu, tumbo moja. Funga hiyo sale yako, hicho chumba cha michezo, hata siku mbili, waache vijana na televisheni yao, unitafutie mume wangu. Tafuta hospitali. Tafuta kwa mafundi. Tafuta na kule nisikotaka kuandika. Jibu umpe Mama Spéciose mkononi, usimpe mtu mwingine.

Chakula hakipiti, Anouar. Natafuna tu.

Dada yako,
Khadidja


Buyenzi, Bujumbura, 11 Agosti 2002

Dada Khadidja,

Wa alaykum salaam. Rachidi iko muzima. Nimeanza na hilo ili hayo mengine uyasome ukiwa umekaa.

Walimushika kule Ruziba, kwenye barieri, kizuizi cha askari, akitoka kuangalia boti ya rafiki yake. Mufuko ulikuwa na pampu ya mafuta, propela na nyaya. Wakamuuliza hivi vitu ni vya nani. Na mume wako unamujua: badala ya kujibu kwa upole, akaanza kuwafundisha injini inafanya kazi namna gani! Wakasema mutu anayejua boti hivyo, bila shaka njo yeye anawavusha waasi. Iko kwenye kituo kimoja cha askari upande wa ziwa, jina siandiki. Nilimupelekea ugali na ndagala, nikamuona kwenye dirisha kidogo. Amekonda, mudomo umepasuka. Lakini alicheka, akauliza kama mutoto anapiga teke.

Sasa sikia. Mukubwa wa kile kituo ni ajida mumoja, anaitwa Jovithe. Na huyo ajida, Mungu ni mukubwa, ni mutu wa sale yangu! Anakuja tangu mwezi wa sita. Anavua bereti, anakaa kwenye benchi pamoja na vijana wa Kinama na wa Ngagara, anashika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Anapenda mupira wa televizyo kuliko chakula, na hajui kucheza hata kidogo.

Nilikuandikia kwamba mi njo mufalme wa Buyenzi sasa, hakuna anayenifunga. Siri sikukuambia. Ni kona. Audace, yule rafiki yangu wa Mutanga Nord, njo aliigundua kabla ya kwenda kusoma Kampala. Ukipata kona ya upande wa kushoto, ukapiga chini karibu na mulingoti, kipa anadaka vizuri kabisa. Halafu picha inashtuka kidogo, kama mutu mwenye kwikwi, na mupira unapita kwenye mikono yake unaingia. Karibu kila mara. Waliotengeneza huo muchezo waliacha tundu, na sisi tumepita humo.

Ajida ameiona. Jana alinivuta pembeni akasema, "Nifundishe hiyo." Nikamuambia, afande, shemeji yangu iko kwako. Akanitazama sana. Akasema, "Ego, sawa. Tutaongea."

Kula, dada. Rachidi akitoka akukute umekonda, mi njo nitaulizwa.

Mudogo wako,
Anouar


Kigoma, 19 Agosti 2002

Anouar,

Nimesoma nikalia, nikacheka, nikalia tena. Mwenye nyumba alidhani nimepata msiba. Nikamwambia hapana, mume wangu ameuliza kama mtoto anapiga teke. Anapiga. Mwambie anapiga hadi nashika ukuta.

Yaani roho ya Rachidi imeangukia kwenye mchezo wa vijana. Haya. Nilitaka kukuuliza, mtu anayefunga goli kwa tundu amefunga nini? Marehemu baba angekuuliza hivyo. Kisha nikajinyamazia, maana mfa maji hukamata maji, na mimi ndiye niliyemo majini.

Mfundishe huyo ajida. Mfundishe hadi awe bingwa wa Burundi nzima, nitamwombea dua mimi mwenyewe. Ila uwe na hakika na hicho unachomfundisha. Nakujua, wewe ukijua kitu kimoja unatembea kama mtu anayejua kumi. Kuna mtu mwingine hapo anayejua mpira kukuzidi? Mwite naye. Huu si wakati wa ufalme.

Ongea na ajida. Mpigie magoti ikibidi, mimi sitakucheka.

Dada yako,
Khadidja


Buyenzi, 28 Agosti 2002

Dada,

Umeanza kuandika kama Mutanzania wa redio. Sawa tu, nimekusikia.

Ajida amesema maneno yake. Kuna komanda mumoja, Honoré, wa kituo kingine, naye anacheza. Kila wakikutana anamucheka ajida mbele ya askari wake: "Jovithe, we hata kwenye televizyo unashindwa vita." Jumamosi tarehe 14 Septemba wanacheza kwenye kantini ya ajida, askari wote wakitazama. Ajida akishinda, Rachidi anatoka jioni ileile. Aliniambia hivi: "Jina la shemeji yako sijaliandika kwenye kitabu. Mutu ambaye hajaandikwa anaweza kutoka bila karatasi." Akaongeza, "Na anaweza kupotea bila karatasi." Alisema taratibu tu, huku anakunjua waya wa maneti.

Basi anakuja kila siku saa nane. Kwenye kona kumi anaingiza tisa. Anapiga mapaja, anacheka kama mutoto, juzi alinunulia benchi nzima soda. Mi sikumufundisha kingine chochote, wala pasi wala kukaba. Atapata nini huko na sisi tuna wiki mbili tu?

Lakini nikuambie ukweli, sale imekufa. Zamani watu walikuwa wanabishana nani ana chenga nzuri. Kijana wa Kinama anamuonyesha wa Ngagara namna ya kupiga kichwa, na huko nje baba zao hawapitani njia moja. Sasa kila mutu amejifunza kona. Wanapiga mupira kwenye miguu ya beki utoke, wanapata kona ya kushoto, goli. Mwingine naye hivyohivyo. Mechi inaisha kumi na moja kwa kumi na hakuna anayeshangilia. Wiki iliyopita walipigana. Na waliposhikana mashati hawakuitana wezi wa kona, waliitana makabila. Ndani ya sale yangu, dada! Miaka yote hii ya vita haijatokea. Tangu siku ile benchi limegawanyika, hawa kushoto, hawa kulia, na mi katikati nawasha na kuzima mashine.

Umeuliza mutu anayejua kunizidi. Alikuwepo, Télesphore wa Carama. Alikaa siku tatu akifungwa na watoto kwa hiyo kona, akaweka maneti chini, akasema, "Hapa hakuchezwi tena." Hajarudi.

Hofu yangu ni moja. Diski yetu imechoka. Njo hiyohiyo moja tangu nifungue, imejaa mikwaruzo, siku zingine inagoma kuanza paka niipanguse na shati. Kantini hawana mashine, tunapeleka yangu na diski yangu. Ikigoma mbele ya komanda, tumekwisha.

Mudogo wako,
Anouar


Kigoma, 5 Septemba 2002

Anouar,

Barua hii inapanda meli ya leo, Mungu akipenda itakufikia kabla ya Jumamosi yenyewe. Isome vizuri.

Unakwenda mbele ya wakubwa na kitu kichafu? Umesahau mama? Alikuwa hatuvushi mlango kwenda kwa mkubwa mpaka ametusugua kisigino kwa kisigino, na sahani ya kupeleka anaiosha mara mbili hata kama imetoka kabatini. Mkubwa akiona uchafu anajua umemdharau. Sasa sikia. Jirani yangu anauza muziki hapa, na CD zake zikikwaruzika anazisugua kwa dawa ya meno. Nimesimama nikamtazama. Anapaka na kitambaa laini, anasugua kutoka katikati kwenda ukingoni, polepole, kama saa nzima, kisha anaosha kwa maji na kukausha kivulini. Iliyokuwa inaganda inaimba kama mpya. Nimekutumia tyubu ya dawa pamoja na kipande cha kanga yangu ya zamani, viko kwa Mama Spéciose. Fanya hivyo, usiwe mvivu. Na hiyo mashine ipanguse, na nyaya zake, na wewe uvae kanzu safi.

Nimeshona nguo tatu za mtoto. Ya nne nimeiacha bila mikono, nataka Rachidi achague rangi ya uzi. Najua ni upuuzi. Niache nifanye upuuzi wangu.

Usiku na mchana nawaza Jumamosi. Akitoka, msile hata chakula, mpandishe meli.

Dada yako anayekutegemea,
Khadidja


Buyenzi, 15 Septemba 2002

Dada,

Mechi ilikuwa jana. Kuna maneno madogo bado hayajakaa sawa. Rachidi amehamishwa kidogo, si mbali. Usiwe na haraka, nitaandika.

Anouar


Buyenzi, 15 Septemba 2002

Kwa Audace, Kampala

Ndugu yangu,

Ukipata hii barua jibu siku hiyohiyo, nakuomba kwa jina la mama yako. Kona imekataa.

Shemeji yangu Rachidi ameshikwa na askari tangu mwezi wa saba. Mukubwa wao, ajida, alisema nikimufundisha kona yako akamufunga komanda mwenzake, atamuachilia. Nikamufundisha. Ilikuwa inaingia, Audace, mi mwenyewe nilihesabu. Alhamisi ilikuwa inaingia.

Jana tumefika kantini. Niliisafisha diski vizuri sana, dada yangu alinituma dawa ya meno, nikaisugua siku nzima ya Ijumaa paka ikang'aa, ukajiona uso. Nikafurahi. Ilianza mara ya kwanza bila kugoma, picha laini, askari wakapiga makofi kwa sababu ya picha tu. Ajida alikuwa amepiga pasi nguo zake. Akapata kona ya kushoto dakika ya sita. Akanitazama, akatabasamu, akapiga chini karibu na mulingoti kama nilivyomufundisha. Kipa akadaka, akaushika. Haikushtuka. Nikasema moyoni, ni ile moja kwenye kumi. Kona ya pili, kipa anadaka. Ya tatu. Alipata kona saba, Audace, na kipa alidaka saba, na mara tatu komanda alikimbia na mupira huohuo akaenda kufunga. Ajida hajui kukaba, hajui pasi, hajui kitu, kwa sababu mi sikumupa kitu. Sita kwa sifuri. Askari wake mwenyewe walikuwa wanacheka nyuma ya mikono.

Halafu komanda akasema, mwalimu naye akae tuone. Nikakaa. Nilifikiri nitaokoa hata heshima, labda ajida atapoa. Nikashika maneti na nikakuta sijui kucheza. Si uoga, sijui tu. Mwaka muzima nimepiga kona, vidole vyangu vinatafuta kona tu. Tatu kwa sifuri. Komanda akauliza, "Huyu njo mwalimu?" Watu wakacheka paka wakashika meza.

Ajida hakucheka. Aliuzungusha waya wa maneti vizuri, akanipa mukononi, akasema, "Asante, mwalimu."

Leo asubuhi nimepeleka chakula, wamesema Rachidi ametoka alfajiri na wengine, wamebebeshwa masanduku ya risasi kwenda mulimani. Askari aliyeniambia hakunitazama.

Na kuna kitu sijamuambia dada. Mwisho wa mwezi wa nane Télesphore alisikia habari akanifuata nyumbani. Alitoka Carama kwa miguu. Akasema, "Nipe huyo ajida wiki mbili, nitamufundisha kucheza. Hata asiposhinda, hatafungwa vibaya, hataona haya." Nikamuambia kona inatosha. Sikutaka watu waone kwamba Télesphore njo mwalimu na mi ni mutu wa kona. Alikunywa maji akaondoka.

Niambie nini kimetokea. Nikijua, labda naweza kumuomba ajida mechi ingine.

Anouar


Kampala, 27 Septemba 2002

Mon vieux, rafiki yangu Anouar,

Barua yako nimeisoma nimesimama posta na sijui nimefika chumbani namna gani.

Nitakuambia kila kitu, unitukane ukimaliza. Hapa shuleni vijana wana mashine na muchezo uleule. Siku ya kwanza, mwezi wa sita, niliwaambia, mi nina kona hakuna anayeweza kuizuia. Nikapiga mara ishirini. Kipa alidaka mara ishirini. Walinicheka paka leo wananiita Kona. Nikatafuta sababu, nikajaribu diski ya mwingine, na ya mwingine tena. Hakuna. Kwenye muchezo wenyewe hakuna tundu, Anouar. Tundu ilikuwa kwenye diski yetu. Kuna mukwaruzo mahali fulani, na mashine ikifika pale inakosa kusoma, picha inashtuka, na kipa anasahau kwamba ameshika mupira. Njo ile kwikwi. Sisi tulikuwa na diski moja tu, tungejuaje?

Ulipoisugua, ulisugua kona.

Nilijua tangu Juni. Nilikaa na kalamu mara mbili nikuandikie, nikaona haya. Nilikuwa nimekuachia kitu kimoja tu cha kunikumbukia, na we uliandika unaitwa mufalme. Nikasema, si muchezo tu, itamudhuru nani?

Usimuombe ajida mechi ingine. Mutafute Rachidi. Kama kuna mutu ninayeweza kumuandikia, kama kuna kitu cha kutuma, sema.

Nisamehe.

Audace


Buyenzi, 6 Oktoba 2002

Dada Khadidja,

Kama umesimama, kaa. Kama iko mutu karibu, muite.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Rachidi amefariki.

Siku ile ya tarehe 15 walimubebesha risasi kupanda mulimani, yeye na wengine tisa. Huko juu wakavamiwa na waasi. Waliobaki wazima wanasema hakupigwa na askari wala na waasi kwa kumulenga, alianguka na sanduku wakati watu wanakimbia, na risasi zilikuwa zinapita kila upande. Wakulima wa kule walimuficha kwenye nyumba ya ng'ombe, na jeraha la tumbo. Alikaa hai siku nyingi, dada. Walipopata njia ya kumuteremusha kwa machela, alikuwa amekwisha. Mwili ulifika Alhamisi. Nilimuosha mi mwenyewe pamoja na imamu, nikamuvalisha sanda, akaswaliwa Ijumaa na tukamuzika makaburi yetu ya Buyenzi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Mafundi wote walifunga kazi.

Wale wakulima wanasema alikuwa anasema jina lako, na alikuwa anawaelekeza namna ya kutengeneza pampu yao ya maji. Paka mwisho alikuwa anafundisha watu injini.

Sale nimeifunga.

Anouar


Buyenzi, 8 Oktoba 2002

Audace,

Tumemuzika. Barua yako nimeichoma, na we choma hii.

Dawa ya meno ilitoka kwa dada. Yeye njo alinituma, na kipande cha kanga, na maelezo: kutoka katikati kwenda ukingoni, polepole. Alifikiri ananisaidia, na kweli alikuwa ananisaidia. Umeelewa sasa? Iko kwenye eda, na mimba ya miezi nane. Akijua, hatasimama tena. Asijue kwako, asijue kwa mutu yeyote wa Buyenzi. Ukiulizwa siku moja, sema Anouar hakujua kufundisha. Si uongo hata.

Anouar


Kigoma, 15 Oktoba 2002

Anouar,

Nimekaa eda. Wanawake wa hapa wananipikia, nalala, naamka, nalala. Nimeshukuru kwamba mikono iliyomwosha ilikuwa yako.

Lakini kuna jambo linanitafuna na huwezi kulikwepa. Uliniandikia kwamba kwenye kona kumi anaingiza tisa. Nilihesabu kwenye barua, tisa. Nilikwenda kwa Mungu na hiyo tisa yako, nikasema ya Rabbi, mimi sikuombi muujiza, nakuomba moja tu ipite. Kisha ukaniandikia mistari minne, "amehamishwa kidogo, si mbali." Amehamishwa kidogo! Mume wangu alikuwa anavuja damu kwenye zizi la ng'ombe na wewe unaniandikia kidogo.

Ajida alishindwaje? Mama Spéciose anasema mjini watu wanasema alifungwa sita. Mtu anayeingiza tisa kwenye kumi anafungwaje sita? Umeme ulikatika? Mashine iligoma? Hiyo diski iliganda? Au ulimdanganya yule askari, ukanidanganya na mimi, ulikuwa hujui kitu?

Niambie ukweli. Wote. Nina haki nao kuliko mtu yeyote duniani.

Khadidja


Buyenzi, 24 Oktoba 2002

Dada Khadidja,

Umeme haukukatika. Mashine haikugoma. Diski ilianza mara ya kwanza, ilikuwa safi, picha nzuri kuliko siku zote. Kila kitu ulichonituma kilifanya kazi yake.

Ni mimi. Nilimufundisha ajida kitu kimoja tu kwa sababu na mi nilikuwa najua kitu kimoja tu. Komanda alipoona kona mara mbili aliizuia, na baada ya hapo ajida hakuwa na kingine. Uliniambia nimuite mutu anayejua kunizidi. Télesphore alikuja mwenyewe, kwa miguu, akaomba amufundishe, na mi nikamupa maji ya kunywa, nikamukatalia kwa sababu ya kiburi. Wiki mbili zilikuwepo, dada. Zingetosha. Ulinionya kwa barua na niliisoma barua na nikajiona mufalme.

Na ile ya "amehamishwa kidogo" ni uoga. Sina jina lingine.

Usitafute sababu nyingine, haiko. Hakuna mutu mwingine aliyekosea, si we, si Rachidi, si Audace. Ukitaka kulaani, jina langu unalijua.

Anouar


Kigoma, 7 Novemba 2002

Anouar,

Nimejifungua Jumapili. Mtoto wa kike, mzima, ana midomo ya baba yake.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya uchungu. Niliiweka chini ya mto sikuifungua kutwa nzima. Nilikuwa nimelala naomba. Unajua niliomba nini? Niliomba iwe mashine. Nikasema, Anouar ataandika kwamba kitu kile kiliharibika tu, kama vitu vinavyoharibika, na mimi nitalia na nitaachilia. Nikajiambia hata kama ni uongo aniandikie, nitaupokea. Mashine ningeisamehe. Kosa la bahati mbaya, la mtu yeyote, ningelisamehe, maana nani asiyekosea akiwa anataka mema?

Wewe umeniandikia kiburi. Mtu alitembea kwa miguu kuja kumwokoa mume wangu na ukamnywesha maji ukamrudisha. Hilo siwezi. Nimejaribu siku zote hizi huku namnyonyesha, na siwezi.

Nguo za mtoto usitume, Mama Spéciose nimemkataza kupokea kitu kutoka kwako. Nimemwambia pia asinipe barua yako nyingine. Mtoto akikua akiniuliza kama ana mjomba, nitamwambia hana.

Khadidja